Benchi la Wenye Mgodi

Fundi Shebughe alifikaje Masizini? Msiniulize mimi. Mwenyewe akiulizwa husema alitoka Bumbuli na msumeno wake, randa yake na nia ya kutafuta kazi, akateremka mlima asioujua, akajikuta yuko huko. Anayetaka habari za njia akawatafute wapima barabara. Mimi nasimulia habari za nchi.

Masizini ni nchi yenye mlima mmoja, na ndani ya mlima huo mna makaa ya mawe. Nguo nyeupe ikianikwa asubuhi huanuliwa jioni ikiwa ya kijivu, na kuku wote ni wa rangi moja, kwa hiyo kesi za wizi wa kuku haziishi. Katiba yao ina kifungu kimoja tu, kimechongwa kwenye jiwe mbele ya boma: MALI YA MTU HAIGUSWI ILA KWA IDHINI YA MWENYEWE. Watoto hukiimba shuleni, watu wazima hukiapia mahakamani, na mtu akiazima chungu bila kuuliza husomewa kifungu hicho mpaka alie.

Kwa miaka mingi mgodi ulikuwa wa Bwana Mwinyipembe, ambaye hakuwahi kuuona. Aliishi mbali kwa sababu ya kifua chake. Daktari alimkataza vumbi. Lakini kwa kuwa mali haiguswi bila idhini ya mwenyewe, alileta kiti. Kilikuwa kiti cha mninga chenye mto wa buluu, kikawekwa mdomoni mwa shimo. Kila mchimbaji kabla ya kuingia alikiinamia akasema, "Shikamoo Bwana, naomba kuingia," akasubiri kidogo. Kiti kikinyamaza, maana yake kimekubali. Mchimbaji akiomba glavu, au gogo la kushikilia dari, au ruhusa ya kwenda kuzika, kiti pia kilinyamaza, na hapo maana yake kilikuwa kimekataa. Aliyejua kutofautisha kimya na kimya alikuwa msimamizi, Bwana Mashauri, mtu mwenye tumbo la heshima na koti la kahawia.

Siku Shebughe anaingia, alikuta ngoma. Mgodi ulikuwa unachukuliwa kutoka kwa Bwana Mwinyipembe na kufanywa mali ya wote. Vijana walikuwa wamekibeba kile kiti juujuu wakienda kukitupa bondeni, akina mama wanapiga vigelegele, na wazee wanalia kama watoto. Juu ya jukwaa alisimama Bwana Mashauri. Koti lake alikuwa amelipindua, bitana ya kijani imetoka nje, na kifuani ameshona maneno mapya: MLEZI WA MALI YA WOTE.

"Kuanzia leo," alinguruma, "mgodi si wa mtu! Wa nani?"

"Wetu!"

"Nani atawaambia fanyeni hivi, fanyeni vile?"

Watu wakapiga kelele kwamba hakuna. Bwana Mashauri akatabasamu, akawaambia wawahi kesho alfajiri, na atakayechelewa atamwona.

Mtu mmoja mrefu, mabega kama mlango, alimkumbatia Shebughe bila hata kumjua. "Ndugu yangu mgeni! Unaniona? Unamwona mtu mwenye mgodi!" Huyo alikuwa Ambakisye, mchimbaji wa miaka kumi na tisa. Alimchukua mgeni nyumbani kwake saa hiyo hiyo, kwa kuwa mtu tajiri hawezi kuacha mgeni alale nje.

Mkewe, Tusajigwe, kazi yake ilikuwa kuchambua mawe katika makaa kule juu ya shimo, na ulimi wake ulichambua vilevile. Alimkaribisha fundi, akampa maji ya kunawa na sahani ya ndizi, kisha akamgeukia mumewe.

"Umeshakuwa tajiri. Hongera. Na nguzo ya saba?"

"Ah, mke wangu, leo ni sikukuu."

"Nguzo inajua kwamba leo ni sikukuu?"

Shebughe akauliza nguzo ya saba ni kitu gani. Akaelezwa kwamba dari ya mgodi inashikiliwa na magogo, yamepangwa kwa namba kutoka mlangoni, na kwamba gogo la saba limepasuka tangu masika mawili yaliyopita. Ambakisye anachimba hapo hapo, chini yake. Waliomba gogo jipya mara kumi na moja, na kiti kikanyamaza mara kumi na moja.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema Tusajigwe. Hakuwa anacheka. "Wewe ni fundi wa mbao. Kesho ingia, uniambie ukweli. Huyu mwanamume wangu kila nikimuuliza ananiambia ipo ipo tu."

Kesho yake Shebughe aliingia. Mtu wa Usambara amezaliwa kati ya miti, akiugonga ubao anasikia unachosema. Aligonga nguzo ya saba kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akagonga tena chini kidogo. Ufa ulikuwa umezunguka kama nyoka aliyejiviringisha, na ndani yake kidole kilipita. Alipotoka nje jasho lilikuwa linamtoka, na si kwa joto.

"Hiyo haisimami," alimwambia Tusajigwe. "Imeegemea tu. Mwezi mmoja. Ukizidi sana, miwili."

Kwa bahati, nyuma ya boma palikuwa na shehena ya magogo ya mkaratusi, magogo mia tatu, manene, makavu, yaliyonyooka. Shebughe aliyaona akafurahi mpaka akacheka peke yake. Akaenda moja kwa moja kwa Bwana Mashauri, akaeleza habari ya ufa, akasema yeye na msumeno wake watamaliza kazi kabla ya adhuhuri, na ujira hataki, atatosheka na chakula.

Bwana Mashauri alimsikiliza kwa huruma kubwa. Alikuwa na kipaji cha huruma.

"Fundi, nakuunga mkono kwa moyo wote. Lakini gogo ni mali ya wote, na nguzo ni mali ya wote. Mali haiguswi ila kwa idhini ya mwenyewe. Nani mwenyewe?"

"Si nyinyi wote?"

"Barabara! Zamani mwenyewe alikuwa mmoja, tukamuuliza kupitia kiti chake. Sasa wenyewe ni elfu sita. Tuwaulize kupitia nini?"

Shebughe akasema labda wapige kura ya mikono pale uwanjani. Bwana Mashauri alishtuka kama aliyetukaniwa mama yake.

"Wamesimama? Mwinyipembe, mnyonyaji yule, alikaa kitini. Wananchi wenye nchi yao watoe idhini wamesimama juani? Hapana, fundi. Wataketi. Wote pamoja, kwenye benchi moja, wakiwa sawa. Siku hiyo tutawauliza habari ya nguzo yako, nao watasema ndiyo kwa sauti moja. Sasa niambie, unajua kutengeneza benchi?"

Hapa ndipo ninapomlaumu Shebughe, ingawa ni rafiki yangu. Alipiga hesabu ya kifundi: benchi likiisha haraka, idhini itapatikana haraka, na nguzo itabadilishwa. Akasema anajua. Ile shehena ya magogo mia tatu ikafunguliwa siku hiyo hiyo, maana kwa benchi idhini haikuhitajika. Benchi ndilo lenyewe chombo cha idhini, nalo haliwezi kujiomba ruhusa kabla halijakuwapo. Shebughe hoja hiyo aliielewa, na mpaka leo anasema jambo linalomtia aibu ni hilo, kwamba aliielewa.

Tusajigwe alipoona magogo yanapasuliwa mbao alisimama mikono kiunoni.

"Fundi. Nilikutuma nguzo, unaniletea kiti?"

"Shemeji, hii ndiyo njia ya mkato."

"Mume wangu yuko chini ya njia yako ya mkato."

Benchi lilianzia mdomoni mwa shimo, pale pale kilipokuwa kiti. Wachimbaji wakaagizwa waliamkie kila asubuhi kama zamani, ila waseme "Shikamooni", kwa kuwa wenyewe sasa ni wengi. Ambakisye aliliamkia kwa furaha wiki ya kwanza. "Najiamkia mwenyewe," alisema, na kila siku alijiitikia marahaba.

Baraza la Walezi, yaani Bwana Mashauri na wenzake ishirini na watatu, likakutana kujadili upana wa makalio ya mwananchi. Jambo hilo lilichukua siku nne. Mlezi mmoja alisema kila mtu apewe shibiri mbili, hiyo ndiyo haki. Mwingine, mtu mnene, akasema haki si usawa. Akipewa shibiri mbili, nusu yake itakuwa haina mali. Akajibiwa kwamba kwa hoja hiyo wanene watakuwa na mgodi mkubwa kuliko wembamba, na kila mtu atakula mpaka apasuke ili amiliki zaidi. Mzee mmoja akauliza habari za waliosafiri. Wakaongezewa nafasi. Akauliza habari za waliozaliwa wiki hiyo. Wakaongezewa. Akauliza habari za watakaozaliwa, na hapo hata Bwana Mashauri aliomba maji ya kunywa. Penye wengi pana mengi, lakini magogo hayakuwa mengi kiasi hicho.

Shebughe aliranda, akapiga misumari, akasonga mbele. Benchi likapanda kilima, likashuka, likapita katikati ya shamba la mihogo la mjane mmoja ambaye alilia mpaka akaambiwa kwamba na yeye amewekewa nafasi. Wiki ya tano lilifika mtoni. Ikabidi lijengewe daraja. Daraja likataka nguzo, na nguzo za daraja zikapatikana mara moja, kwa kuwa zilikuwa za benchi.

Siku hiyo hiyo ndani ya mgodi bamba la jiwe lilibanduka karibu na nguzo ya saba. Lilianguka juu ya chungu cha chakula cha Ambakisye, likakifanya unga. Ambakisye alikuwa amesogea hatua mbili kwenda kuchukua sururu. Alirudi nyumbani na kipande cha chungu mkononi, akakaa, na usiku huo hakusema kwamba yeye ni mwenye mgodi.

"Hatua mbili," alisema tu.

Tusajigwe hakulia mbele yake. Asubuhi alijifunga khanga, akampitia Shebughe kazini, akamwambia, "Weka nyundo chini. Twende barazani, ukawaambie ulichoniambia mimi."

Baraza lilikuwa katikati ya mjadala kama benchi liwe na mahali pa kuegemea mgongo. Shebughe akaeleza habari ya ufa. Walezi wakasikitika sana. Mmoja akatoa kitambaa, akajifuta macho. Wakasema mambo yote yatakwenda sawa benchi likiisha.

"Nina swali dogo," alisema Tusajigwe. "Mimi sikusoma, mnisaidie. Mgodi ni wa wote?"

"Wa wote, mama," alisema Bwana Mashauri.

"Makaa?"

"Ya wote."

"Na hatari iliyomo humo? Ya nani?"

Baraza likatazamana. Mzee yule wa maswali akasema kwamba kwa mantiki hatari nayo imo mgodini, basi ni ya wote.

"Nashukuru. Mume wangu ameishikilia peke yake miaka kumi na tisa, na fungu lenu amelibeba yeye. Nimekuja kuwarudishia kilicho chenu. Nyinyi mko ishirini na wanne. Kila Mlezi atakaa chini ya nguzo ya saba saa moja kwa siku, kwa zamu, mchana na usiku, mpaka benchi liishe. Aanze Bwana Mashauri."

Sijawahi kusikia baraza likifanya kazi haraka namna ile. Mjadala wa mgongo ulikuwa umefikisha siku ya tatu. Huu ulimalizika kabla chai haijapoa. Mlezi mnene alisema hatari ni kitu cha kitaalamu, huwezi kumpa mtu asiyekizoea, atakiharibu. Mwingine akasema ni dhuluma kumnyang'anya mchimbaji kitu alichokijenga kwa jasho lake. Wa tatu akatamka neno walilolitafuta wote: hatari ibinafsishwe. Ikaandikwa sheria, ikapigwa mihuri mitatu, na Bwana Mashauri akaisoma amesimama:

"Makaa yote ni mali ya wote. Hatari yote iliyomo mgodini inarudishwa kwa wachimbaji, iwe mali yao binafsi, wao na watoto wao, daima."

Shebughe alimtazama Tusajigwe akitarajia ataanguka au atatukana. Tusajigwe alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri.

"Yetu kabisa?" aliuliza.

"Kabisa, mama."

"Hamtakuja kesho kusema mnaitaka?"

"Mungu apishe mbali!" lilijibu baraza zima.

"Basi nipeni hiyo karatasi."

Wakampa. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga, akasema asanteni, akatoka. Shebughe alimfuata nyuma akimwambia pole, shemeji, pole sana, mpaka yule mama akasimama na kumkemea amwache awaze.

Kesho yake asubuhi hakuna aliyeliamkia benchi. Wachimbaji wote walikuwa wamelikalia, mia moja na ishirini, miguu wameinyoosha, Ambakisye yuko mwisho upande wa shimo. Jua likapanda. Toroli za makaa hazikutoka. Mafundi chuma wakaja kuuliza makaa, wapishi wa boma wakaja kuuliza makaa, mwishowe akaja Bwana Mashauri, bitana yake ya kijani imelowa jasho.

"Kuna nini? Kwa nini hamwingii?"

"Sisi hatujakataa," alisema Ambakisye. "Nyinyi chukueni makaa yenu tu, Bwana Mlezi. Ni ya wote, hatuna ubishi. Ila msiguse hatari. Hiyo ni yetu."

Tusajigwe alikunjua karatasi. "Mali ya mtu haiguswi ila kwa idhini ya mwenyewe. Nimeimba hayo nikiwa darasa la kwanza."

Bwana Mashauri alicheka kidogo, kama mtu aliyekanyaga kitu na hataki kutazama ni nini. Akasema hilo ni jambo jepesi, ni la mipaka tu. Aitwe mtu mwenye chaki, aingie, achore mstari: huku makaa, huku hatari. Wachimbaji wakasema vema. Hakuna aliyejitolea. Basi, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, alichukua chaki mwenyewe, akavaa kofia ngumu kwa mara ya kwanza katika maisha yake, nyuma mbele, akaingia. Shebughe na Ambakisye walimshikia taa.

Kwenye nguzo ya kwanza alitazama juu, akasema hapa bado ni hatari kidogo, asogee mbele. Ya pili vivyo hivyo. Ya nne aliinama ukutani, akaweka ncha ya chaki kwenye mkaa, na vumbi likammiminikia shingoni kutoka juu; akaiondoa chaki bila kuchora. Kwenye nguzo ya saba alisimama. Gogo likalia. Haikuwa sauti kubwa, ilikuwa kama mtu mzima anayeinuka kutoka kwenye mkeka.

"Mpaka uko wapi, Bwana Mlezi?" aliuliza Ambakisye kwa upole.

Bwana Mashauri alitoka mbio, na wote wawili hawakumwona vizuri kwa sababu taa ilibaki kwao. Nje walimkuta ameketi kwenye benchi, kati ya wachimbaji, chaki nzima mkononi.

"Mgodi wote ni hatari," alisema alipopata pumzi. "Ni wenu wote. Mnataka nini?"

"Tunataka miti," alisema Tusajigwe.

"Miti imeisha. Iko kwenye benchi."

"Tunajua ilipo."

Bwana Mashauri aliliangalia benchi linavyopanda kilima. "Na wananchi wataketi wapi?"

"Hao wananchi unaowasema wako mia na ishirini hapa. Umewahi kutuona tumeketi kabla ya leo?"

Shebughe hakusubiri jibu, alishachukua msumeno. Mbao hazirudi kuwa magogo, lakini fundi anajua kuziunganisha nne nne kwa pini za mti na kamba za chuma, na miguu ya daraja ilikuwa bado magogo mazima. Kufika alasiri walikuwa na nguzo tisa nzuri. Mjane wa mihogo alikuja na shoka lake kusaidia upande wa shambani kwake, na alilitumia kwa bidii kuliko wote.

Bwana Mashauri alikuwa anazungukazunguka. Ameshalivua koti, analigeuza huku na huku, hajui upande gani uwe nje. Mwisho akamsogelea Tusajigwe, akauliza kwa adabu kama kutakuwa na cheo chochote katika mpango huu mpya.

"Kipo," alisema Tusajigwe. "Mwisho wa gogo hilo. Shika."

Akashika. Waliingia nalo watu wanne: Ambakisye mbele, Shebughe, Tusajigwe mwenyewe, na yeye nyuma. Kwa kawaida ya mafundi, nguzo mpya husimamishwa kwanza kando ya ile ya zamani, ndipo ya zamani itolewe. Wakaisimamisha. Shebughe akapiga kabari mpaka mlio wa nyundo ukawa mfupi na mkavu, akagonga kwa kidole, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Kisha wakaishika ile ya saba ili waitoe.

Haikutoka. Ilivunjika mikononi mwa Ambakisye kama muhogo uliochemka, na ndani ilikuwa unga mtupu, hakuna mti hata kidogo. Hakuna aliyecheka. Tusajigwe alikaa chini pale pale kwenye makaa, akaushika mguu wa mumewe kwa mikono miwili, akalia. Bwana Mashauri alitazama juu darini, akatazama mahali alipokuwa amesimama asubuhi na chaki yake, akaweka koti chini kwenye vumbi, akatoka bila kuagizwa na mtu kwenda kuleta gogo la pili.